Lori la Maziwa Kutoka Abohar

Rukma Sihag alimimina chupa nyingine ya sharubati ya waridi ndani ya pipa, akakoroga kwa mwiko mrefu kama mkono wake. Maziwa yakageuka rangi ya waridi. Vipande vya barafu vikagonga ukingo wa pipa.

Macho yake yalikuwa barabarani.

Kipokea sauti kidogo kama punje ya dengu kilikuwa ndani ya sikio lake la kushoto, chini ya mtandio. Bastola aina ya Glock 19 ilimlalia kiunoni, chini ya kanzu pana ya pamba. Kisu kilifungwa kwenye muundi. Waliosimama naye kibandani walimjua tu kama mgeni wa Jagseer, mwenye kituo cha mafuta cha mbele. Walikuwa wamempa mwiko bila kumuuliza swali.

Ilikuwa siku ya kukumbuka kufa shahidi kwa Guru Arjan, kiongozi wa kale wa Wasikh. Joto la Jeth, mwezi wa kiangazi, lilikuwa limekausha hata nzi. Na kama kila mwaka, watu wa vijiji vya mfereji, vilivyopewa namba badala ya majina, walikuwa wamejenga chabili kando ya barabara kuu, kibanda cha turubai ambapo kila mpita njia husimamishwa apewe bilauri ya maziwa baridi bila malipo. Basi, trekta, gari la waziri, wote husimama. Hakuna anayepita chabili kana kwamba haioni.

Kwa hiyo Rukma alikuwa amechagua hapa.

"Mchanga Moja, Mchanga Mbili hapa." Ilikuwa sauti ya Bhoma, dereva na msaidizi wake, aliyejificha na gari la serikali, Bolero, karibu na daraja la mfereji, penye bango la mpaka wa majimbo ya Punjab na Rajasthan. "Wanipata?"

"Nakupata."

"Lori limeingia Rajasthan. Tata jeupe, tangi la chuma kinachong'aa. Ubavuni wamechora ng'ombe anacheka. Nyuma yake, kama mita mia tatu, Fortuner nyeupe."

"Yumo?"

"Yumo. Anakula pistachio na kutema maganda dirishani."

Rukma aliendelea kukoroga.

Ravinder Kamra. Miaka mitatu alikuwa akimtafuta. Miaka mitatu Kamra alikuwa amekaa Abohar, upande wa Punjab, ambako kitambulisho cha Rukma kilikuwa na thamani ya tikiti ya basi ya jana. Yeye alikuwa ofisa wa siri wa idara ya kodi ya Rajasthan. Mamlaka yake yaliishia kwenye bango la mpaka.

Biashara ya Kamra pia ilianzia kwenye bango hilo. Kodi ya dizeli ya Punjab ilikuwa ndogo, ya Rajasthan kubwa. Kamra alinunua kule, akavusha huku ndani ya malori ya maziwa, akawauzia wakulima wa pamba mashambani mwao. Jimbo halikuona hata paisa. Na vituo vya mafuta vya upande huu vilikuwa vikifa kimoja baada ya kingine, mashine zimefunikwa magunia.

Cha Jagseer Brar kilikuwa bado kinapumua. Kwa shida.

Jagseer alikuwa ameweka shamba la baba yake rehani benki ili akijenge. Kamra alipomtumia ujumbe kwamba amuuzie matangi ya chini ya ardhi au ayatazame yakiungua, Jagseer alikuja kwa Rukma, akakaa kwenye kiti, akavua viatu, na kusema, "Dada, niambie nifanye nini. Nikipoteza kituo nimepoteza na shamba. Mimi siogopi kufa, naogopa kumwangalia mama yangu."

Rukma alimwambia akubali. Amwambie Kamra aje mwenyewe kushikana mikono.

Sasa Kamra alikuwa anakuja.

"Mchanga Moja," Bhoma aliita tena. "Mbona tusilisimamishe tu?"

"Unajua kwa nini."

Alijua. Mara mbili walikuwa wameweka kizuizi cha polisi, na mara mbili mtu alimpigia Kamra simu kabla vizuizi havijashushwa kwenye gari. Mara ya tatu waliwahi, wakalifungua lori la maziwa, na ndani yake mlikuwa na maziwa. Yaliganda kwa jua mbele ya macho yao. Wafugaji walifunga barabara siku nzima, na idara ikaomba radhi kwa maandishi. Tangu hapo amri kutoka Jaipur, makao makuu ya jimbo, ilikuwa moja: usiguse lori la maziwa bila sababu ambayo hakimu ataielewa.

Rukma alihitaji sababu.

Alimgeukia Bibi Nasib Kaur, mama mkuu wa chabili ile, mwanamke mnene wa miaka sabini mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mfereji.

"Bibi, maziwa yanakwisha."

"Yanakwisha?" Bibi Nasib alichungulia pipa. "Haya, si malori yanapita! Tangu asubuhi manne yametupa. Hilo linakuja hapo. Wanangu, barabarani!"

Vijana walikimbia na bilauri zao mikononi. Wakatanda barabara nzima, wanacheka, wanapunga vitambaa vya rangi ya machungwa.

Tata lilipunguza mwendo. Likasimama.

Dereva alikuwa mwembamba, mwenye masharubu yaliyopakwa hina. Alipokea bilauri, akanywa kwa pumzi moja, akarudisha.

"Asanteni. Nina haraka."

"Haraka ya kwenda wapi, mwanangu?" Bibi Nasib alikuwa amefika dirishani na ndoo tupu. "Tupe ndoo moja ya maziwa. Ya chabili."

"Koki imeharibika, mama."

"Fungua juu. Vijana watapanda wachote."

"Mama, lina... hamna kitu. Ni tupu."

Mkulima mmoja mwenye kilemba cha buluu aliinama, akatazama chini ya lori. "Tupu na springi zimelala hivi? Umebeba upepo wa zege?"

Watu walicheka. Dereva hakucheka.

"Sikilizeni. Maziwa ni ya tajiri, siyo yangu."

"Na ng'ombe ni wa nani?" Bibi Nasib aliuliza. "Ndoo moja, mwanangu. Tajiri wako akiuliza, mwambie Nasib Kaur wa kijiji cha 9 KB kaichukua. Atakuongezea mshahara."

Kicheko kingine. Jasho lilikuwa limechora mistari kwenye shingo ya dereva. Alitazama kioo cha pembeni. Fortuner ilikuwa imesimama nyuma, injini inanguruma.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti ya rupia mia tano.

"Shika hii, mama. Mkanunue maziwa yenu."

Kicheko kilikatika.

Bibi Nasib aliitazama noti ile kama mtu aliyetemewa mate sahanini. Mwuza maziwa ambaye hana ndoo moja ya kutoa siku kama ile hakuwahi kuonekana. Na mtu wa kuilipa chabili pesa ili apite, huyo hata hakuwa na jina.

"Wewe," Bibi Nasib alisema polepole, "siyo mtu wa maziwa."

Rukma aliweka mwiko chini.

"Mchanga Mbili, ndilo. Ziba daraja."

Dereva aliona mkono wa Rukma ukielekea kiunoni. Akakanyaga mafuta.

Lori liliruka mbele. Vijana walitawanyika kama kuku. Bilauri zikalia juu ya lami. Mmoja alianguka, kitambaa chake cha rangi ya machungwa kikanasa kwenye bampa, na mkulima wa kilemba cha buluu akamvuta kwa mguu sekunde moja kabla ya gurudumu.

Rukma hakutoa bastola. Kupiga risasi tangi lile katikati ya watu hawa kungekuwa kuchoma kijiji.

Alikimbia. Akadaka ngazi ya tangi. Chuma kilimchoma viganja. Akajivuta hadi kwenye uwazi kati ya kichwa cha lori na tangi, ambako mipira ya upepo wa breki hujikunja kama nyoka wanaolala.

Akachomoa kisu.

Akakata.

Upepo ulifoka usoni mwake. Magurudumu ya nyuma yalijifunga yote kwa pamoja. Tata lilipiga yowe, likaburuza matairi, likalala upande kidogo kama ng'ombe anayefikiria kukaa, kisha likatulia.

Dereva alifungua mlango na kukuta wakulima kumi wanamsubiri. Hawakumpiga. Walimkalisha chini na kumtazama. Ilikuwa mbaya zaidi.

Rukma alifungua kifuniko cha juu. Harufu ikampanda puani.

Dizeli.

Nyuma, Fortuner iligeuka kwa kishindo na kurudi ilikotoka.

"Pikipiki ya nani hii?" Rukma aliuliza, akiruka chini.

"Yangu," alisema mkulima wa kilemba. "Nenda nayo, dada. Gia ya pili inasumbua, ipige teke."

Ilikuwa Royal Enfield Bullet kuukuu. Rukma aliipiga teke gia ya pili, ikamtupa mbele. Kilomita nne hadi mpaka. Upepo wa moto ulimkausha macho. Pamba zilipita kushoto, mfereji kulia.

"Mchanga Mbili, anakuja kwako."

"Namwona. Nimeiweka Bolero mshazari katikati ya daraja."

"Toka ndani ya gari."

"Nimeshatoka, bosi. Mimi nina watoto."

Fortuner iliona Bolero. Breki zililia. Kamra aliteremka upande wa mfereji, bastola mkononi, akapiga risasi mbili kuelekea darajani bila kulenga. Kioo cha Bolero kilimwagika.

Rukma aliilaza Bullet vumbini, akapiga goti.

Risasi moja.

Maganda ya pistachio na chembe za udongo ziliruka miguuni mwa Kamra. Risasi ilikuwa imeingia ardhini kati ya viatu vyake viwili.

"Ya pili haitakuwa hapo katikati," Rukma alisema.

Kamra aliachia bastola. Alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, mwenye shati jeupe lisilo na hata mkunjo. Aligeuza shingo, akalitazama bango la mpaka. Lilikuwa ng'ambo ya daraja, karibu kiasi kwamba maandishi yalisomeka.

"Hapa bado Rajasthan?"

"Bado."

"Dah." Alitikisa kichwa kama mtu aliyekosa treni. "Nifunge basi, dada. Usikaze sana, nina ugonjwa wa viungo."

Bhoma alimfunga. Alikaza.

Simu ya Rukma ilitetemeka. Jaipur. Bwana Mathur, mkuu wake.

"Sihag."

"Bwana. Tumemkamata. Yeye mwenyewe, na lori limejaa."

"Nimesikia. Hongera sana. Umekaa?"

"Nimesimama."

"Basi kaa. Delhi wametangaza leo saa tisa. Wamepunguza ushuru wa dizeli."

"Hilo si jambo jema?"

"Subiri. Wameongeza tozo ya barabara kwa kiasi kile kile. Mnunuzi haoni tofauti."

Rukma alielewa kabla hajamaliza. Kila mtu wa idara yao angeelewa. Ushuru ukikusanywa na serikali kuu, Delhi, majimbo hugawiwa fungu lao. Tozo haigawiwi. Hukaa Delhi yote.

"Wametoa chakula kwenye sahani ya wote wakakiweka kwenye sahani yao," alisema.

"Na sisi tumebaki na shimo. Mishahara ya wauguzi, maji, barabara za vijijini. Waziri wetu wa fedha anataka kuliziba leo leo."

"Kwa kupandisha kodi yetu ya dizeli."

"Tupandishe nini kingine, Sihag? Kodi zote nyingine tulishazipeleka Delhi. Tumebaki na dizeli na pombe."

"Na Punjab?"

"Punjab wana uchaguzi. Wameshusha ya kwao."

Rukma alilitazama bango. Kijana mmoja alikuwa analivuka kwa baiskeli, dumu la plastiki limefungwa nyuma kwa kamba ya katani.

"Tofauti itakuwa maradufu," alisema.

"Zaidi kidogo. Nenda kapumzike. Umefanya kazi yako."

Simu ilikatika.

Kamra alikuwa amesikia upande mmoja wa mazungumzo, na ulimtosha. Alianza kucheka, taratibu, kwa adabu, kama mtu asiyetaka kuwaamsha wenye nyumba.

"Unanicheka mimi?" Bhoma aliuliza.

"Najicheka mwenyewe, bhai. Nimejificha miaka mitatu, nimenunua malori, nimemlipa mchoraji wa ng'ombe." Alipangusa machozi kwa bega. "Kuanzia kesho hamhitaji mtu kama mimi. Mwalimu atavuka na dumu. Kuhani atavuka na dumu. Mtawafunga wote?"

Bhoma alimwingiza garini.

Walimkabidhi kwa polisi wa wilaya, kisha Rukma akaenda kwa Jagseer.

Kituo kilikuwa na mashine nne, tatu zikiwa zimezimwa. Wafanyakazi wawili walikuwa wamelala kwenye kivuli cha pipa la mchanga. Jagseer alikuwa amekaa nje ya ofisi, kilemba kimelegea. Alisimama alipomwona, akamshika mikono yote miwili.

"Nimesikia! Nasib Kaur amenipigia, analia, anacheka, hajui afanye lipi. Umemmaliza!"

"Tumemkamata, bwana sardarji."

"Nimeshapiga hesabu kichwani. Wakulima wa 9 KB wakirudi kwangu, na wa vijiji vya jirani nusu tu, msimu huu wa pamba benki itaniacha nipumue. Nusu tu, dada, sitaki wote." Akamtazama usoni. Sauti yake ikashuka. "Nini?"

Rukma alimwambia. Alimwambia taratibu, bila kuruka kitu: ushuru, tozo, shimo, Punjab.

Jagseer alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele.

"Kwa hiyo Delhi kamla Jaipur," alisema.

"Ndiyo."

"Na Jaipur kanila mimi."

Rukma alizitazama zile mashine tatu zilizozimwa.

"Na watu wa Kamra wanajua ni mimi niliyemwita."

"Nitaweka askari hapa."

"Wa kulinda nini?" Alionyesha zile mashine kwa kidevu. Halafu akaonekana kujutia maneno yake, akamgusa Rukma begani. "Nisamehe. Kosa si lako. Niambie, bei mpya naiweka saa ngapi?"

"Usiku wa manane."

"Basi mpaka usiku wa manane bado ni bei nzuri." Akajilazimisha kutabasamu. Akageuka, akapiga makofi. "We! Amka! Leteni mpira hapa. Gari la serikali limeumia kwa ajili yangu, angalau liondoke na tangi limejaa. Bhoma, sogeza. Hii sichukui hata rupia."

Bhoma hakusogeza.

Alikuwa amesimama kando ya Bolero iliyovunjika kioo, mkono juu ya kifuniko cha mafuta, kana kwamba anakificha.

"Sogeza, bwana," Jagseer alisema. "Unaona haya?"

"Limejaa, sardarji."

"Limejaa vipi? Mmezunguka tangu alfajiri."

Bhoma alimtazama Rukma, kisha akaitazama lami.

"Nilijaza asubuhi. Wakati nangojea lori." Akapangusa vumbi kwenye kifuniko. "Ng'ambo. Upande wa Punjab."

Upepo ulisukuma mfuko wa plastiki katikati ya kituo.

"Bosi, fungu la pesa za mafuta wanalotupa ofisini halifiki tarehe kumi kwa bei ya huku. Kila mtu wa idara hujaza kule. Nilidhani unajua."

Rukma hakuwa anajua. Hakuwahi kuuliza. Alitafuta hasira ndani yake, akaikosa. Bhoma alikuwa na watoto watatu na gari ambalo lazima litembee.

Jagseer aliutazama mpira wa mafuta mkononi mwake. Kisha akaurudisha kwenye mashine kwa uangalifu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Kaleteni chai," aliwaambia vijana wake. "Wageni wana kiu."

Hawakuinywa. Jua lilikuwa linaelekea chini walipofika kwenye Tata, ambalo sasa lilikuwa limevutwa hadi uwanja wa gurudwara, nyumba ya ibada ya kijiji. Mtaalamu wa vipimo, Bwana Purohit, mzee mwenye miwani minene, alikuwa juu ya tangi na kifimbo cha kioo cha kupimia uzito wa mafuta. Tangi lilikuwa na vyumba vitano. Kila kimoja kilitakiwa kuchukuliwa sampuli tatu, mbele ya mashahidi wawili, na kufungwa kwa lakiri. Bila hivyo hakimu angemwachia Kamra kabla hajavua viatu.

"Umefika wapi?" Rukma aliuliza.

"Cha pili kimekwisha. Cha tatu mwanga umeniponyoka, sioni mstari." Mzee alishuka ngazi akinung'unika. "Na chupa zimebaki nne tu. Hanumangarh wameniahidi nyingine asubuhi."

"Basi tufunge vilivyobaki. Kesho tutaendelea."

Alipanda mwenyewe. Alizungushia waya vifuniko vitatu, akadondosha nta nyekundu, akagandamiza muhuri wa jimbo. Alifanya kila kimoja kama ilivyoandikwa kwenye kanuni, akakagua, akashuka.

Katika redio ya mtu fulani upande wa jikoni, msomaji wa habari alikuwa anataja bei za usiku ule, mji kwa mji. Hakuna aliyeongeza sauti, hakuna aliyepunguza.

Bhoma aliwasha Bolero na kumfungulia mlango.

"Bosi. Twende?"

Rukma alilitazama gari, na kifuniko chake cha mafuta. Akatoa kipokea sauti sikioni, akakifuta kwa pindo la mtandio, akakiweka mfukoni.

"Nenda wewe. Nitatembea."

"Kilomita saba hadi unapolala?"

"Saa mbili asubuhi, hapa hapa. Njoo na chupa."

Akavuka uwanja, akaingia barabarani, akashika upande wa kushoto. Trekta mbili zilimpita zikielekea mpaka, matela yamejaa madumu matupu yanayogongana. Alisogea pembeni kuzipisha, akaendelea kutembea.